Feza ya tiketi iko mikononi mwa nani? Historia ya Eventbrite tangu mwaka wa 2006

Kila mtu ambaye amekwisha kutayarisha konseri katika Goma, Bukavu ao Lubumbashi anajua shida ya mlango. Tiketi za karatasi zinachapwa, vijana wanaziuza kwenye maduka na makanisani, na siku yenyewe mtayarishaji anasimama mlangoni akihesabu feza mbele ya watu wanaosukumana. Wengine wanaingia na tiketi za uongo. Mvua ikinyesha, watu hawafiki, na ukumbi umekwisha kulipwa.

Shida hiyo si ya Kongo peke yake. Katika Marekani, viwanja na kumbi kubwa vilikuwa na kampuni za kuwauzia tiketi, kama Ticketmaster, ambayo ilianza mwaka wa 1976. Lakini mwenye kutayarisha masomo ya watu 30, ao muziki katika baa ndogo, kampuni kubwa hazikumwangalia sana. Faida yake ilikuwa ndogo sana.

Ni hao wadogo ambao watu watatu waliwafikiria mwaka wa 2006 katika mji wa San Francisco: Kevin Hartz, Julia Hartz ambaye ni bibi yake, na Renaud Visage, injinia Mfaransa. Julia alitoka katika kazi ya televisheni. Kevin alikuwa amesaidia kuanzisha Xoom mwaka wa 2001, kampuni ya kutuma feza kwa jamaa walio katika inchi zingine. Alijua kwamba malipo madogo madogo yakipita kwenye intaneti kwa wingi, yanaleta kitu. Mwanzoni kazi yao iliitwa Mollyguard, kisha ikachukua jina la Eventbrite.

Sheria yao ilikuwa nyepesi. Mtayarishaji anafungua ukurasa wake mwenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kama kuingia ni bure, halipi kitu. Kama tiketi inauzwa, kampuni inakata sehemu ndogo kwa kila tiketi. Hivi kampuni haikuhitaji kutuma wauzaji mlango kwa mlango: aliyenunua tiketi leo aliona jina la Eventbrite, na kesho akitayarisha sherehe yake, alirudia hapo hapo.

Mwaka wa 2009, Sequoia Capital, kundi linaloweka feza katika kampuni changa, liliingia. Mwaka uliofuata, Eventbrite ilipiga hesabu na kutangaza kwamba kila mara mtu alipowaonyesha rafiki zake tiketi yake kwenye Facebook, mauzo yaliongezeka kwa dola 2,52. Marafiki wakawa watangazaji bila mshahara.

Kisha kampuni ilianza kununua wengine: Eventioz ya Argentina mwaka wa 2013, Ticketscript ya Uholanzi na Ticketfly ya Marekani mwaka wa 2017, Ticketea ya Hispania mwaka wa 2018. Katika mwaka wa 2017 peke yake, tiketi karibu milioni 203 zilipita mikononi mwake, katika inchi zaidi ya 170. Mwezi wa tisa 2018 iliingia katika soko la hisa la New York, hisa moja ikiuzwa dola 23. Siku ya kwanza ilifunga kwa dola 36,50.

Lakini ukubwa huo ulificha mambo mawili. La kwanza: kampuni ilikuwa bado inapata hasara, zaidi ya dola milioni 38 katika mwaka wa 2017. La pili: mwaka wa 2018, miezi michache mbele ya kuingia sokoni, wezi wa intaneti walivunja Ticketfly na kuchukua habari za wateja zaidi ya milioni 20. Mwenye kuuza tiketi anachunga feza, na anachunga majina ya watu pia.

Mtihani mkubwa ulikuja na Covid-19. Kwa kawaida mtayarishaji anapokea feza yake sherehe ikiisha. Lakini Eventbrite ilizoea kuwapa wengine mbele, ili walipe ukumbi na wanamuziki. Mwezi wa tatu 2020 milango ilifungwa karibu dunia nzima. Mnunuzi alitaka feza yake irudi, mtayarishaji alikuwa amekwisha kuitumia, na kampuni ilikuwa katikati. Ilisimamisha malipo ya mbele. Mwezi wa ine ilifukuza karibu wafanyakazi 45 kwa 100. Wanunuzi wengine walienda mahakamani. Mapato yalianguka kutoka karibu dola milioni 327 mwaka wa 2019 mpaka dola milioni 106 mwaka wa 2020.

Kampuni haikufa, ila ilianza kutafuta feza pale ilipoahidi bure. Mwaka wa 2023 iliwadai watayarishaji walipe kwa kutangaza sherehe zao, hata zile za bure zikipita tiketi 25. Hao ndio walioikuza tangu mwanzo. Mwaka wa 2024 ilirudi nyuma na kuondoa malipo hayo.

Hapa kwetu, M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka wa 2012, na Airtel Money na Orange Money zinajulikana mpaka vijijini. Chombo cha kulipia tiketi kwa simu kipo. Kijana wa Goma ao Bukavu anayetaka kuanza kazi hiyo hatashindwa juu ya programu. Kitu kigumu ni kile kilichoitikisa Eventbrite mwaka wa 2020: tangu siku tiketi inanunuliwa mpaka siku mlango unafunguka, feza inalala wapi, na nani atairudisha kama mlango haufunguki? Katika miji ambamo sherehe inaweza kuahirishwa kwa sababu ya vita, jibu hilo liandikwe kwenye tiketi yenyewe, mbele ya kuuza hata moja.