Radiamu ya Katanga na Hadhari ya Sindano

Mwaka 1915 Robert Rich Sharp, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi ya Katanga, huko Kongo, kutafuta madini, aliona katika kilima cha Shinkolobwe, magharibi ya mji uitwao leo Likasi, mawe mazito ya rangi ya manjano. Mawe hayo yalikuwa na urani, na ndani ya urani mlikuwamo radiamu, ambayo Marie na Pierre Curie waliigundua mwaka 1898, na ambayo matabibu wa saratani wa Ulaya na Marekani waliitamani kuliko dhahabu, kwa kuwa mionzi yake huangamiza uvimbe mbaya, na kwa kuwa tani 3 za urani hazina zaidi ya gramu 1 yake.

Uchimbaji ulianza mwaka 1921 chini ya kampuni ya Union Minière. Vibarua wa Katanga waliyavunja mawe, wakayachagua kwa mkono, yakasafirishwa hadi Olen nchini Ubelgiji, ambako gramu ya kwanza ilipatikana mwaka 1922. Bei ya gramu, iliyokuwa imepita dola 100,000, ikashuka hata dola 70,000. Migodi ya radiamu ya Colorado, Marekani, ikashindwa kushindana na bei hiyo, na kwa miaka kadhaa hospitali nyingi za dunia zikaitegemea Katanga. Reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, iliyokamilika mwaka 1931, ilipita mahali ambapo mji wa Kolwezi uliasisiwa mwaka 1937. Na kwa bandari hiyo ya Lobito zilipelekwa New York mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe, ambayo mwisho wake ulikuwa silaha wala si shifaa.

Walakini katika tiba yenyewe pia kulikuwa na msiba. Matabibu wenye busara waliitia radiamu katika vijisindano vya platinamu, wakavichomeka penye uvimbe, na saa zake zilipotimia wakavitoa, hata mgonjwa akaenda zake bila kubaki na chochote mwilini. Wengine, kwa kughuriwa na sifa za madini hayo, waliona ni bora yaingizwe katika damu yenyewe. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Elgin, jimbo la Illinois, wagonjwa walichomwa radiamu mishipani kuanzia mwaka 1931, ilhali mwaka 1932 tajiri wa Marekani, Eben Byers, alifariki baada ya kunywa kwa miaka maji yaliyotiwa radiamu, taya lake likiwa limeoza. Sababu ni kwamba mwili huidhania radiamu kuwa ni kalsiamu, ukaipeleka mifupani na kuihifadhi humo. Na radiamu ya asili, ambayo nguvu yake haipungui nusu mpaka ipite miaka 1,600, huendelea kuunguza uboho na mfupa maisha yote ya mwanadamu. Hata Ujerumani, baada ya Vita vya Pili, ilipotumika aina ya radiamu isiyodumu ila siku chache, watu karibu 900, wengi wao wakiwa na kifua kikuu cha mifupa au ugonjwa wa uti wa mgongo, na miongoni mwao watoto, walichomwa dawa iliyoitwa Peteosthor, na zaidi ya 50 kati yao wakapatwa baadaye na saratani ya mifupa.

Tabia hiyo hiyo ya kukimbilia mfupani, iliyoua watu pasipo kipimo, ndiyo iliyorudishwa kuwa tiba ilipowekewa kipimo. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha radiamu 223, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa siku 11 na saa chache, itumiwe kwa wanaume ambao saratani ya tezi dume imewafika mifupani. Kabla ya sindano ya kwanza damu ya mgonjwa hupimwa, na hemoglobini isipofika gramu 10 kwa desilita, au chembe sahani zisipofika 100,000 katika maikrolita moja, mgonjwa hachomwi. Kwani uboho ukidhoofika, maradhi ya kuambukiza hupata mlango, na jeraha dogo hutoka damu isiyokatika upesi. Kipimo hufuata uzito wa mwili. Mshipa husafishwa kwa maji ya chumvi kabla na baada, na dawa huingizwa polepole kwa muda usiozidi dakika 1. Sindano ni 6, moja kila wiki 4, na damu hupimwa kabla ya kila moja. Mwaka 2018 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walikataza isichanganywe na abirateroni na prednisoni, kwa kuwa waliochanganyiwa walizidi kuvunjika mifupa.

Muuguzi anayeishika huvaa glavu na joho, ingawa mionzi yake mingi haipenyi hata karatasi, kwa maana hatari yake ni kumezwa, kuvutwa kwa pumzi, au kuingia kidondani. Na kwa kuwa sehemu kubwa hutoka kwa haja kubwa, mgonjwa hunawa kwa sabuni kila atokapo chooni, nguo zilizochafuka hufuliwa peke yake, na mume hutumia kinga mpaka miezi 6 ipite tangu sindano ya mwisho.

Shinkolobwe ilifungwa mwaka 1960, lakini watu wakairudia kwa jembe na sururu wakitafuta kobalti, hata serikali ikaamuru mwaka 2004 mahali hapo pafungwe, na mwaka huo huo ardhi ikaporomoka ikawaua baadhi yao. Madini ya urani yamo pia katika miamba ya Musonoi, hapo Kolwezi penyewe, karibu na makazi ya watu. Mimi sioni tofauti kati ya kanuni ya muuguzi na kanuni ya mchimbaji: vumbi lisivutwe, mkono usiende kinywani kabla ya kunawa, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto, na damu ipimwe kabla mwili haujalalamika. Elimu hiyo ilinunuliwa kwa mifupa ya watu, na mali iliyoizalisha ilitoka Katanga. Basi insafu inataka mchimbaji wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, afundishwe hadhari hizo kwa lugha yake na apewe vifaa vya kuzishika, kama anavyopewa muuguzi wa hospitali kubwa, maana wote wawili wanashika kitu kimoja.