Amana, Deni na Akaunti: Historia ya Kuaminika kwa Mkopaji, kutoka Madina hadi Newala

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika misikiti ya Masasi, Newala na Makote, msimu wa korosho unapokaribia, maimamu huulizwa swali moja kwa sura nyingi: je, mtu akifungua akaunti mpya benki anaongeza kuaminika kwake mbele ya wakopeshaji, au anajiingiza katika mtego? Swali hili lina upande wa fiqhi na upande wa historia, na mwenye kuujua upande mmoja tu hujibu nusu.

Zubayr bin al-Awwam na amana za watu

Imam Bukhari amepokea habari ya Zubayr (R.A.), aliyeuawa mwaka 36 Hijria baada ya vita vya Ngamia. Watu walikuwa wakimletea mali zao awahifadhie. Yeye akikataa kuzipokea kama amana, akizipokea kama mkopo, kwa kuchelea zisije zikapotea. Hapa pana fiqhi kubwa. Katika madhehebu ya Shafii, mwenye kuhifadhi amana halipi ikipotea bila ya uzembe wake. Lakini aliyekopa hulipa kwa hali yoyote. Zubayr alijibebesha dhamana ili mali za watu ziwe salama, na kwa hukumu hiyo akawa na ruhusa ya kuzitumia.

Alipofariki, mwanawe Abdullah alihesabu deni akakuta 2,200,000. Aliuza ardhi ya Ghaba, akalipa, kisha kwa miaka minne akatangaza katika msimu wa Hija kwamba mwenye kumdai Zubayr ajitokeze. Ndipo akawagawia warithi. Hakuna aliyesema kwamba Zubayr hakuaminika kwa wingi wa deni lake. Watu walimpima kwa nia yake, mali iliyokuwapo nyuma ya deni, na utekelezaji wa ahadi.

Wanazuoni wa zama zetu wameijenga hukumu ya akaunti juu ya msingi huo huo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao cha Abu Dhabi mwaka 1995, liliamua kwamba fedha za akaunti ya hundi ni mkopo kwa benki. Kwa hiyo ziada yoyote iliyoshurutishwa juu yake ni riba, kama baraza hilo hilo lilivyokwisha kuamua kuhusu riba za benki mwaka 1985. Basi mwenye kufungua akaunti ajue kwamba siku hiyo yeye ndiye mkopeshaji, na benki ndiyo mdaiwa wake.

Umar na mdaiwa aliyetangazwa

Imam Malik katika Muwatta ametaja habari ya mtu wa kabila la Juhayna aliyeitwa Usayfi. Alikuwa akinunua ngamia wazuri kwa bei ya juu ili awatangulie mahujaji wengine, mpaka deni likamzidi. Umar bin al-Khattab (R.A.) alisimama mbele ya watu, akaieleza hali yake, akawataka wanaomdai wafike asubuhi ili mali yake igawanywe baina yao, akawaonya watu juu ya deni.

Hii ni asili ya kuwajulisha watu hali ya mdaiwa, na haikuhesabiwa kuwa usengenyaji, kwa kuwa ilikuwa kwa haja na kwa mamlaka. Vilevile imekuja katika hadithi kwamba mwenye uwezo akichelewesha kulipa, heshima yake na kuadhibiwa kwake vinahalalika, na wanazuoni wamefasiri kuwa mdai anaruhusiwa kusema kuwa fulani ananicheleweshea. Lakini hukumu hii ni ya mwenye uwezo tu. Mwenye dhiki ana hukumu yake katika aya ya 280 ya Suratul Baqara: apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Tofauti hii tuishike, kwani tutairudia.

Pwani na bara katika karne ya 19

Misafara iliyotoka Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani kwenda bara iliendeshwa kwa mali kauli. Mfanyabiashara wa pwani, mara nyingi Mhindi, alitoa vitambaa, shanga na baruti. Kiongozi wa msafara akarudi na pembe za ndovu, mpira na, kwa masikitiko, watumwa. Aliyerudi na kulipa alipewa zaidi msimu uliofuata. Asiyerudi, jina lake lilifungwa bandari zote.

Dhamana nayo ilikuwa na sura mbovu. Palikuwa na kuweka rehani watu, jambo ambalo ni batili kwa makubaliano ya mafakihi, kwani mtu huru haingii katika milki. Unguja na Mombasa ilienea bei ya khiyari: mwenye shamba hujifanya ameliuza, akabaki humo akilipa kodi kwa mnunuzi, na akirudisha fedha hurudishiwa shamba. Kodi ile kwa hakika ilikuwa faida ya mkopo iliyovishwa kanzu. Hadhramaut iliitwa bei ya uhda, na wanazuoni wakahitilafiana sana juu yake. Hivyo hila za kukwepa jina la riba si mpya kwetu.

Waingereza, vyama na benki

Utawala wa Kiingereza ulitunga sheria za kuzuia mikopo kwa wenyeji mwaka 1923 na 1931. Deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani mpaka mkataba uwe wa maandishi na uidhinishwe na ofisa wa serikali. Ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenyeji asizame katika deni. Matokeo yake ni kwamba mkulima na mchuuzi Mwafrika hawakujenga rekodi yoyote iliyotambuliwa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara iliagiza deni la muda liandikwe kwa uadilifu baina ya pande zote. Sheria ile iliufanya mwandiko kuwa kizuizi kwa upande mmoja.

Baada ya Azimio la Arusha mabenki yalitaifishwa Februari 1967, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Ilipogawanywa mwaka 1997, NMB ilirithi matawi mengi ya wilayani. Kwa mkulima wa korosho, kuaminika kulibaki katika chama cha ushirika na katika macho ya jirani.

Mwaka 2007 ulianza mfumo wa stakabadhi ghalani Mtwara, na korosho zikawa zinapitia vyama vya msingi na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU. Novemba 2018, wanunuzi walipogoma bei, serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipa kwenye akaunti za wakulima baada ya uhakiki. Hapo asiye na akaunti alilazimika kufungua. Malipo ya wengine yalichelewa mpaka mwaka 2019.

Kangomba na bei ya salam

Uhakiki ule ulilenga pia kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, ambao humfuata mkulima wakati wa njaa, wakampa fedha kidogo na kuchukua korosho kwa bei ya chini. Tusichanganye mambo. Mtume (S.A.W.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende mwaka au miaka kabla, akairuhusu kwa sharti la kipimo, uzito na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam. Ama kumkopesha mtu fedha ukashurutisha urudishiwe zaidi, au kupima kwa bakuli lisilojulikana ujazo wake, si salam. Mkulima huingia huko kwa sababu hana mahali pengine panapomwamini, na hilo ndilo linaloleta suala la akaunti.

Je, akaunti mpya huongeza kuaminika?

Kwa Sheria ya Benki Kuu ya 2006 na kanuni za 2012, Tanzania ina kanzidata ya taarifa za wakopaji, na tangu 2013 taasisi binafsi zimepewa leseni ya kuzikusanya na kuziuza kwa mabenki. Kufungua akaunti ya kuweka fedha peke yake si deni, wala hakumfanyi mtu akopesheke. Kinachotazamwa ni mwenendo: mapato yanaingia vipi, na madeni yaliyotangulia yamelipwa vipi. Akaunti ya miaka mitano hueleza habari ya mtu. Ya mwezi mmoja haielezi kitu. Mwenye kuhama benki kila msimu huiacha habari yake nyuma. Na mwenye kuomba mikopo benki tatu kwa wakati mmoja huonekana kuwa katika dhiki, kwa kuwa kila mkopeshaji huulizia taarifa zake.

Pana kasoro moja ambayo maimamu wanapaswa kuisema wazi. Taarifa hizo huandika kwamba fulani hakulipa kwa siku kadhaa. Haziandiki kama alikuwa tajiri aliyekaidi au mkulima ambaye fedha za korosho zake hazijafika. Sheria ya Allah imewatenganisha wawili hao. Kwa hiyo mwenye dhiki na awahi kumweleza mdai wake kabla ya muda kupita, aombe muda mpya kwa maandishi, na aombe nakala ya taarifa zake ili makosa yasahihishwe.

Na mwenye nafasi atazame kwanza palipo na mikataba isiyo na riba; Amana Bank, kwa mfano, ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu. Kukopesheka ni neema pale tu mtu anapokopa cha halali na kwa haja. Ama kujenga jina zuri benki kwa kulipa riba kila mwezi, hiyo ni hasara hata kama taarifa zinasomeka vizuri.

Tumuombe Allah atulipie madeni yetu na atukinge na mzigo wake. Wallahu aalam.