Chanjo za watoto: Ratiba, utaratibu na haki za mzazi

MZAZI anayempeleka mtoto kliniki hukabidhiwa kadi ambayo wengi huiona kuwa ni ya kuandikia uzito tu. Kadi hiyo ndiyo kumbukumbu ya chanjo zote anazostahili mtoto chini ya Mpango wa Taifa wa Chanjo, ulioanza nchini Tanzania mwaka 1975.

Mtoto huanza kuchanjwa anapozaliwa. Hupewa chanjo ya kifua kikuu (BCG) pamoja na matone ya polio. Anaporudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, hupewa chanjo ya pamoja inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib wanaosababisha homa ya uti wa mgongo na kichomi. Katika mahudhurio hayo pia huendelezwa chanjo ya polio, na hutolewa zile za nimonia na kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota.

Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto anapofikisha miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18. Dozi hii ya pili ndiyo husahaulika zaidi, kwa kuwa wazazi wengi huacha kuhudhuria kliniki mtoto anapoanza kutembea. Kwa wasichana, chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Kabla ya kumfikia mtoto, chanjo husafirishwa kutoka bohari kuu hadi mikoani, wilayani na hatimaye kwenye zahanati, zikihifadhiwa katika ubaridi. Katika zahanati huwekwa kwenye jokofu lenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Kila kichupa kina alama inayobadilika rangi endapo kimepata joto kupita kiasi, na muuguzi hupaswa kuikagua kabla ya kukitumia.

Hapa ndipo hutokea malalamiko. Kichupa cha surua na rubella huwa na dozi kadhaa, na kikishachanganywa, dawa iliyobaki hutupwa baada ya saa 6. Kwa kuogopa hasara, baadhi ya wahudumu humwambia mama arudi siku nyingine watoto watakapokuwa wengi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kichupa kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja, kwani anayerudishwa nyumbani huenda asirudi tena, na surua huenea kwa kasi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja chanjo kuwa sehemu ya matibabu ambayo mtoto ana haki ya kuyapata, na mzazi au mlezi ana wajibu wa kuhakikisha anayapata. Katika vituo vya umma, chanjo za mpango huu hutolewa bila malipo.

Mzazi pia anastahili kuelezwa mambo manne: chanjo inayotolewa, ugonjwa unaokingwa, maudhi yanayoweza kujitokeza na tarehe ya kurudi. Homa kidogo au uvimbe mahali palipochomwa sindano ni jambo la kawaida na hutoweka baada ya siku chache. Dalili kali, kama vile degedege au kupumua kwa shida, zinahitaji mtoto arudishwe kituoni haraka, na mhudumu ana wajibu wa kutoa taarifa.

Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Vilevile, aliyekosa tarehe haanzi upya, bali huendelea pale alipoishia. Kadi ikipotea, mzazi aende kituo alikochanjwa mtoto, ambako kumbukumbu hutunzwa katika rejista, ili aandikiwe nyingine.

Mzazi asiyeridhika na huduma anaweza kumwona mganga mfawidhi wa kituo, na asiposikilizwa, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.