Umeweka nyuzi nene na daraja la gitaa limeinuka? Lirudishe hivi

Gitaa la umeme lenye daraja linaloelea, lile lenye mkono wa kushusha na kupandisha sauti, mara nyingi huwafikia wanamuziki wetu likiwa limeshatumika. Mwenye nalo hupiga kwa nyuzi alizozikuta. Siku akiweka nyuzi nene zaidi na kuanza kutuni, daraja linanyanyuka nyuma, nyuzi zinakaa mbali na shingo, na kila akikaza uzi mmoja, mwingine unashuka. Wengi hudhani gitaa limeharibika, wakaliuza kwa bei ya kutupa. Kumbe limepoteza mizani tu.

Mfumo huu ulibuniwa na Mmarekani Floyd Rose mwishoni mwa miaka ya 1970. Daraja limeegemea vigingi viwili. Upande wa mbele nyuzi sita zinalivuta kuelekea shingoni. Mgongoni mwa gitaa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna springi zinazovuta kinyume chake. Pande mbili zikilingana, daraja linalala sawa na ubao wa gitaa.

Sasa angalia hesabu. Seti ya 9, yaani ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009, ikituniwa kawaida huvuta kwa nguvu ya kilo 38 hivi. Seti ya 10 huvuta karibu kilo 47. Ni kana kwamba umetundika ndoo ya lita 10 isiyojaa upande mmoja wa mizani, na springi hazijaongezewa kitu.

Kuna jambo moja la kufikiria kabla hujashika bisibisi. Bendi nyingi hushusha gitaa ili mwimbaji asijikaze koo. Ukiweka seti ya 10 kisha ukashusha nyuzi zote toni nzima, mvuto unarudi kilo 37 hivi, karibu sawa na seti ya 9 iliyotuniwa kawaida. Huenda usihitaji kurekebisha chochote cha maana.

Kama unabaki kwenye tyuni ya kawaida, tafuta bisibisi ya nyota, alenki (kwa madaraja mengi ni ya milimita 3), koleo la kukatia waya na kipande cha mbao ngumu. Programu ya kutuni kwenye simu inatosha, na zipo zinazofanya kazi bila bando ukishazipakua.

Fungua kifuniko cha nyuma wakati nyuzi za zamani bado zipo na daraja limelala sawa. Utaona bonge la chuma linaloning'inia kutoka kwenye daraja. Upande wake mmoja kuna springi, upande wa pili, unaoelekea kitako cha gitaa, kuna nafasi tupu. Chonga mbao ienee nafasi hiyo barabara, kisha ibandike pale kwa selotepu. Mbao hii ndiyo fundi wako leo.

Legeza vibano vya shingoni, halafu badilisha uzi mmoja mmoja. Kata kile kidude cha duara mwishoni mwa uzi mpya, ingiza ncha kwenye kibano cha darajani na ukaze. Geuza uso unapokata au kulegeza, kwani uzi wa chuma ukichomoka ni hatari kwa jicho. Weka zile skrubu ndogo za kumalizia kutuni katikati ya safari yake, kisha tuni nyuzi zote. Daraja litapanda mpaka bonge liguse mbao, litakwama hapo, na nyuzi zitatulia bila kuvutana.

Hapo nenda kwenye bati linaloshika springi. Lina skrubu mbili ndefu zilizozama kwenye ubao. Zikaze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, huku ukijaribu mbao kwa kidole. Itakapoanza kuteleza, simama: springi sasa zinabeba mzigo wote. Kama skrubu zimefika mwisho na mbao bado imebanwa, ongeza springi moja na uanze tena skrubu zikiwa zimelegea kidogo. Angalia usikate waya mwembamba uliochomelewa kwenye bati hilo, maana ukikatika spika itanguruma. Usilazimishe skrubu kavu pia, ubao ukichanika utakuwa na kazi nyingine ya gundi na njiti za kiberiti.

Toa mbao, tuni tena, kaza vibano vya shingoni, malizia kwa zile skrubu ndogo.

Shingo nayo huweza kupinda kidogo kwa mzigo mpya. Chuma cha ndani ya shingo hukazwa kwa robo mzunguko, si zaidi kwa mara moja. Na kama uzi uko sawa ukiwa wazi lakini unakosea ukibanwa katikati, kibano chake darajani husogezwa nyuma au mbele. Legeza uzi kwanza. Vigingi viwili vya daraja usivizungushe nyuzi zikiwa zimekaza, makali yanayokaa juu yake huliwa.

Maoni yetu ni kwamba anayepiga rumba, dansi au nyimbo za kanisani na hagusi ule mkono, haihitaji hii mizani. Aache mbao pale ilipo na aongeze ya pili upande wa springi, daraja lisiende mbele wala nyuma. Faida yake utaiona uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo. Kwenye daraja linaloelea, nyuzi tano zilizobaki hupoteza sauti papo hapo. Kwenye daraja lililozuiwa, unamaliza wimbo.

Acha gitaa lilale usiku kucha. Nyuzi mpya hunyooka, hivyo asubuhi utalazimika kufungua vibano vya shingoni na kutuni mara moja zaidi.