Furika (katika kompyuta)

furika kt [sie] 1 (kwa maji) jaa hadi kupita kingo: *Mto umefurika.* 2 (kompyuta) kwa namba, pita ukomo wa biti ilizotengewa: *Jumla imefurika.* Nomino: *mfuriko*.

Maana ya pili ndiyo yenye kuhitaji maelezo, kwa kuwa sitiari ya maji hupotosha. Debe likifurika, kinachozidi humwagika na debe hubaki limejaa. Namba haimwagiki, hugeuka. Namba kamili ya biti 32, inayokubali hasi na chanya, hufika 2,147,483,647. Ukiongeza moja, kwa kawaida huwa −2,147,483,648. Afadhali msomaji aukumbuke Mto Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi, ambao ukifurika huweza kuhama mkondo, na shamba la ng'ambo hii likajikuta ng'ambo ile.

Penye shilingi, ukomo huo hauko mbali. Programu nyingi huhifadhi fedha kwa senti ili kukwepa desimali, ingawa senti yenyewe haionekani tena sokoni. Tuseme mfanyabiashara wa Mpemba, Tunduma, ameuza tani 30 za mahindi kwa shilingi 800 kila kilo. Mauzo ni shilingi 24,000,000, yaani senti 2,400,000,000. Zikitiwa katika biti 32, hati itasomeka shilingi −18,949,672.96: muuzaji amekuwa mdaiwa. Kwa shilingi tupu hesabu hiyo ingepita salama.

Lugha ya Java imeuagiza mgeuko huo katika kanuni zake. C haikuuwekea hukumu yoyote. Hivyo kompaila ina ruhusa ya kudhani hautatokea kamwe, na hata kulifuta sharti lililoandikwa ili kuugundua. Jambo hili huwashangaza hata wazoefu. Ukaguzi na utangulie kujumlisha, usifuate.

Biti 64 huliondoa tatizo kwa baiti 4 zaidi kwa kila namba. Kwa miamala milioni moja, baiti milioni nne. Ni bei ndogo, ila mpangilio mbaya huipandisha: katika mashine nyingi za biti 64, rekodi ya C yenye sehemu ya baiti 1, kisha namba ya baiti 8, kisha sehemu nyingine ya baiti 1, huchukua baiti 24. Namba ikitangulizwa, huchukua 16.

Matumizi. Husemwa *namba imefurika*, si *kumbukumbu imejaa*, ambayo ni habari ya nafasi kwisha kabisa. *Mafuriko* yaachiwe maji.