Simu ya Dharura Ilipohama Kwenye Waya

Simu ya kwanza ya 911 nchini Marekani ilipigwa Februari 16, 1968, katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Enzi hizo haikuwa vigumu kumpata mpigaji, kwa sababu waya wa simu ulitoka nyumbani kwake ukaenda moja kwa moja hadi kwenye mtambo wa eneo lake, na kampuni iliyouvuta ilikuwa na anwani yake. Baadaye mitambo iliboreshwa: iliitambua namba, ikaichagulia kituo cha dharura kinachohusika, na anwani ikajitokeza kwenye skrini ya mpokeaji. Hata aliyeishiwa pumzi kabla ya kutamka neno aliweza kufikiwa. Kujua mtu yuko wapi ilikuwa kazi ya kampuni ya simu. Naamini kosa kubwa la zama za simu za intaneti ni kumtwisha mpigaji kazi hiyo.

Kifaa cha simu ya intaneti unaweza kukichomoa Texas ukakichomeka New York, namba ikabaki ileile. Mtambo wa 911, uliozoea kusoma namba na kuipatia anwani, haukuwa na namna ya kujua kwamba mwenye namba amehama. Mwanzoni baadhi ya kampuni zilizielekeza simu za 911 kwenye namba za kawaida za ofisi za polisi. Nyingine hazikuzipeleka popote. Februari 2005, mjini Houston, wazazi wa msichana mmoja walipigwa risasi na wavamizi. Alipopiga 911 alisikia sauti iliyorekodiwa ikimwambia atafute simu nyingine. Mei mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilizipa kampuni siku 120 kuunganisha simu za dharura na mitambo ya 911. Njia iliyopatikana ilikuwa ya viraka: mteja anasajili anwani, simu inapewa namba ya muda ambayo mtambo wa zamani unaweza kuisoma, na kwa namba hiyo kituo cha dharura kinaivuta anwani iliyosajiliwa.

Wapo waliolalamika kwamba siku 120 zingewanyonga wageni sokoni, na walikuwa na hoja, maana mitambo waliyoamriwa kuitumia ilimilikiwa na kampuni kongwe walizokuwa wakishindana nazo. Ilibidi Bunge la Marekani litunge sheria mwaka 2008 kuwapa haki ya kuifikia. Lakini ugumu huo ni sababu ya kumbana mwenye mtambo. Hauwezi kuwa sababu ya kumwacha mtu anayevuja damu akiongea na rekodi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mteja alionywa: mkataba ulisema ukihama, badilisha anwani. Aprili 2008 familia moja ya Calgary, Kanada, ilipiga 911 kwa simu ya intaneti kwa ajili ya mtoto wao mdogo aliyezidiwa. Gari la wagonjwa lilitumwa Mississauga, walikokuwa wakiishi zamani, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo. Msaada ulikuja baada ya kupigwa kwa simu ya jirani, na mtoto akafariki. Mkataba ule unamfunga aliyeutia saini. Haumsaidii mgeni, yaya wala mtoto anayenyanyua simu ya nyumba hiyo. Tena, mtu anayehama huwaza mizigo, shule na kodi, na kampuni inajua hivyo.

Kanuni mpya za Marekani, zilizoanza kuzihusu simu za intaneti zinazohamishika Januari 2022, zinataka taarifa za mahali alipo mpigaji zitumwe zenyewe pale inapowezekana kiufundi. Isipowezekana, anwani aliyoisajili mteja bado inakubalika. Hapo ndipo pa kukaza. Kampuni inayosema haiwezekani itakiwe kuthibitisha mbele ya mdhibiti, na kuthibitisha upya kila mwaka, maana programu za simu tayari zinaweza kulionyesha duka la pizza mlango wa mteja.