Ubongo Mzima Hupimwa kwa Nani?

Mwanafunzi wa utabibu atokaye Sinza kwenda Muhimbili hana budi kuijua tishu ya ubongo iliyo nzima kabla hajaitambua iliyougua. Huweka chini ya hadubini kipande chembamba kilichotiwa rangi, akatazama kama tabaka sita za gamba la ubongo zimetimia na kama seli zake zimesinyaa. Lakini uzima huo ulipimwa kwanza kwa ubongo wa nani?

Historia ya Afrika Mashariki yatupa mfano mchungu. Mwaka 1934 F. W. Vint, tabibu wa maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza habari za bongo 100 za wanaume wenyeji wa Kenya. Wastani wa uzito wa ubongo wa mwanamume mwenyeji, alisema, ulikuwa gramu 1,276. Wa Wazungu aliutaja kuwa gramu 1,428. Akaongeza ya kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba zaidi kwa kadiri ya asilimia 15. H. L. Gordon, mganga wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliushika uchunguzi huo kuwa ushahidi wa upungufu wa kuzaliwa, akaitilia shaka elimu ya Mwafrika.

Basi kosa lilikuwa wapi? Ubongo wa maiti hubadilika kwa saa zilizopita tangu kufa, kwa dawa ya kuuhifadhi na kwa namna ya kuukata. Uzito wake hufuata kimo, umri, chakula na maradhi yaliyomwua mtu. Naye Vint alizilinganisha bongo za Nairobi na tarakimu zilizochapishwa Ulaya, zilizotoka kwa watu wengine na maabara nyingine. Mwaka 1970 Phillip Tobias, mwanaanatomia wa Afrika Kusini, alizipitia hoja za namna hii, akaonyesha kwamba mambo hayo hayakudhibitiwa, wala tofauti zilizodaiwa baina ya mataifa hazikuthibitika.

Neno letu *kawaida* latokana na Kiarabu, na asili ya maana yake ni msingi au kanuni. Atwaaye mwili wa mmoja kuwa kanuni ya wote humwita mwingine mgonjwa hali ni mzima. Na katika Kenya ya wakati ule, hukumu hiyo ilimfuata mtoto hadi mlangoni pa shule.